Thurgood Marshall, wakili wa serikali aliyekalia kiti cha ujaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninapofundisha sheria ya katiba, jina la Thurgood Marshall likitajwa tu darasa huchangamka, maana hakosekani mwanafunzi aliyewahi kusikia kwamba Mmarekani huyo alifika Nairobi kabla ya uhuru. Maswali yanayofuata huwa karibu yale yale kila mwaka. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa sentensi mbili tatu, mengine nimeshindwa kuyafupisha.

Kwa ufupi, Marshall alikuwa nani?

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 2 Julai 1908. Kwa takriban robo karne alikuwa wakili wa NAACP, chama kilichopigania haki za Wamarekani Weusi. Mwaka 1961 akawa jaji wa Mahakama ya Rufani ya shirikisho. Mwaka 1965 akauacha ujaji, akawa Wakili Mkuu wa Serikali ya Marekani. Mwaka 1967 akaingia Mahakama ya Juu, Mweusi wa kwanza kukaa pale. Alistaafu 1991 na kufariki tarehe 24 Januari 1993 akiwa na miaka 84.

Angalia mpangilio huo vizuri. Wengi hudhani alipanda ngazi moja kwa moja. Sivyo. Alikwisha kuwa jaji, akashuka kwenye kiti, akavaa tena joho la uwakili, ndipo akarudi kuwa jaji. Miaka hiyo miwili ya katikati, alipokuwa wakili wa serikali, ndiyo huachwa katika simulizi nyingi, nami naona ndiyo inayotufundisha zaidi kuhusu kazi yetu.

Wakili Mkuu wa Serikali ndiye Mwanasheria Mkuu?

Hapana. Mwanasheria Mkuu ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria nzima. Wakili Mkuu wa Serikali yuko chini yake, na kazi yake ni mahususi: kuisemea serikali ya shirikisho mbele ya Mahakama ya Juu. Serikali ikishindwa katika mahakama za chini, yeye ndiye anayeamua kama itakata rufani au itameza matokeo. Tanzania nayo ina Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali tangu 2018, ingawa mgawanyo wa majukumu haufanani moja kwa moja.

Jambo la kushika ni hili: majaji wa Marekani wanamsikiliza mtu huyu kwa sikio la pekee. Wanatarajia kwamba hatawaficha jambo linaloiumiza serikali. Kuna hata desturi ya yeye kwenda mahakamani na kukiri kwamba serikali ilishinda isivyostahili. Nitalirudia hili chini, kwa sababu Marshall alilifanya.

Alipata wapi mapenzi ya sheria?

Nyumbani kwanza. Baba yake, William, alikuwa mhudumu wa treni, baadaye msimamizi wa wahudumu katika klabu ya wazungu watupu. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Mzee alipenda kwenda kusikiliza kesi mahakamani, na mezani aliwabishia wanawe mpaka kila mmoja athibitishe alichosema. Shuleni, Thurgood alikuwa mtundu, na adhabu yake ilikuwa kukaa peke yake akisoma Katiba ya Marekani. Alisema mwenyewe kwamba alipomaliza shule alikuwa ameijua karibu yote kwa moyo.

Akasoma Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo kilekile alichokuja kusoma Kwame Nkrumah miaka michache baadaye. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kusomea sheria.

Kwa nini hakusoma Chuo Kikuu cha Maryland, kilichokuwa mjini kwao?

Kwa sababu kitivo cha sheria cha Maryland kilikuwa hakipokei Weusi. Akawa anapanda treni kila siku kwenda Washington na kurudi, na inasimuliwa kwamba mama yake aliweka rehani pete zake ili ada ipatikane. Huko Howard alimkuta Charles Hamilton Houston, mkuu wa kitivo, mwalimu mkali aliyeamini kwamba mwanasheria Mweusi ana deni kwa jamii yake. Marshall alihitimu 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Miaka miwili baadaye, yeye na Houston walikipeleka kitivo kile cha Maryland mahakamani kwa niaba ya kijana aliyeitwa Donald Gaines Murray. Wakashinda, na Januari 1936 mahakama ya rufani ya jimbo ikathibitisha ushindi huo. Murray alikuwa tayari ameingia darasani.

Ni kesi zipi zilizomjenga?

Kila mtu anaijua kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, iliyoamuliwa tarehe 17 Mei 1954 kwa sauti moja ya majaji tisa: shule za umma zilizotenganishwa kwa rangi zinavunja Katiba. Ni haki ijulikane. Kabla yake kulikuwa na Smith dhidi ya Allwright mwaka 1944, iliyofungua kura za mchujo za Texas kwa Weusi, Shelley dhidi ya Kraemer mwaka 1948 kuhusu mikataba iliyozuia nyumba kuuzwa kwa Weusi, na Sweatt dhidi ya Painter mwaka 1950 kuhusu Mweusi aliyekataliwa na kitivo cha sheria huko Texas. Kwa jumla, akiwa wakili wa NAACP alishinda kesi 29 kati ya 32 alizosimamia Mahakama ya Juu.

Lakini nikitakiwa kuchagua moja, nitataja aliyoshindwa. Mwaka 1941, katika mji mdogo uitwao Hugo, Oklahoma, alimtetea W. D. Lyons, kijana Mweusi aliyeshtakiwa kwa mauaji ya familia moja. Lyons alipigwa, kisha mifupa ya waliouawa ikawekwa mapajani mwake mpaka akakiri. Baadaye siku hiyohiyo akakiri mara ya pili, na waendesha mashtaka wakajenga kesi yao juu ya kukiri huko kwa pili. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu ilikubali. Marshall alijua chumba cha mahojiano kinavyoweza kuwa. Liweke hilo akilini, tutalihitaji.

Na hakuwa akisafiri kwa usalama. Novemba 1946, baada ya kesi huko Columbia, Tennessee, askari walisimamisha gari lake usiku, wakamtoa na kumpakia kwenye gari lao, wakashika njia ya mtoni ambako kundi la watu lilikuwa likisubiri. Wenzake walikataa kuendelea na safari, wakayafuata magari yale. Askari walipoona mashahidi hawaondoki, wakageuza.

Ni kweli alishiriki kutengeneza katiba ya Kenya?

Ni kweli alishiriki, lakini si kweli kwamba aliiandika, kama wengine wanavyosema kwa shauku.

Tom Mboya ndiye aliyemwomba. Marshall aliwasili Kenya Januari 1960, mwezi uleule hali ya hatari ilipoondolewa rasmi. Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa kaskazini. Wajumbe Waafrika walikuwa wakijiandaa kwenda London, na serikali ya kikoloni haikufurahi kumwona. Alisimulia baadaye kwamba alizuiwa kuhudhuria mkutano mmoja, akaomba angalau aruhusiwe kuwasalimu watu waliokusanyika nje. Akapanda juu, akatamka neno moja tu, "Uhuru!", na umati ukalipuka. Kila nikisoma kisa hicho nasikia raha moyoni: mtu aliyezoea kuandika hoja za kurasa mia alitosheka na neno moja la Kiswahili.

Katika mkutano wa Lancaster House, London, ujumbe wa Waafrika uliongozwa na Ronald Ngala, Mboya akiwa katibu. Siku za mwanzo waliususia mkutano kwa sababu Mbiyu Koinange alikataliwa kuingia kama mshauri wao. Marshall ndiye aliyewaandikia rasimu ya sura ya haki. Ndani yake mlikuwa na haki ya elimu na afya, mambo ambayo Katiba ya nchi yake mwenyewe haiyataji. Mlikuwa pia na ulinzi wa mali kwa fidia ya haki, ulinzi ambao wakati ule ungewafaa hasa walowezi wazungu na wafanyabiashara Waasia. Mtu aliyewatetea wachache maisha yake yote hakuona sababu ya kuwaacha wachache wa Kenya kwa kuwa tu walikuwa na rangi nyingine.

Rasimu yake haikuchukuliwa kama ilivyo. Sura ya haki iliyoingia katika katiba ya uhuru ilifuata zaidi mfano wa Nigeria. Hata hivyo alirudi Kenya Julai 1963, na alisikitishwa na jinsi wenye maduka wa Kiasia walivyokuwa wakitendewa.

Akiwa bado London, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye meza ya mkahawa wa wazungu huko Greensboro, North Carolina, na vuguvugu likaenea kusini yote. Aliporudi nyumbani alikuta kazi imemsubiri mlangoni.

Aliupataje ujaji wa kwanza?

Rais Kennedy alimteua Septemba 1961 kwenda Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, yenye makao yake New York. Kamati ya Sheria ya Seneti iliongozwa na James Eastland wa Mississippi, mtetezi wa ubaguzi, nayo ikamweka kiporo. Kennedy akatumia nafasi ambayo Katiba inampa rais wakati Seneti iko mapumzikoni, Marshall akaanza kazi kwa uteuzi wa muda. Uthibitisho ulipatikana tarehe 11 Septemba 1962, karibu mwaka mzima baadaye, kwa kura 54 dhidi ya 16. Katika hukumu alizoandika pale kwa niaba ya majaji walio wengi, Mahakama ya Juu haikutengua hata moja.

Kwa nini aliacha kazi ya maisha na kwenda kuwa wakili tena?

Jaji wa shirikisho hukaa kazini muda wote anapokuwa na mwenendo mwema, yaani kwa kawaida mpaka ajiondoe au afe. Wakili Mkuu wa Serikali anaweza kuondolewa na rais asubuhi yoyote. Mshahara nao ulikuwa mdogo zaidi, na Marshall alikuwa na mke, Cecilia, na watoto wawili wa kiume waliokuwa bado wadogo.

Rais Johnson alimpigia simu Julai 1965. Hakumwahidi Mahakama ya Juu. Hoja ya Johnson, kwa maneno mengine, ilikuwa kwamba anataka watu wanaoingia katika chumba kile wamwone Mweusi akisimama na kusema kwa niaba ya Marekani. Marshall alikubali. Nadhani ni mtu aliyekwisha kusimama kule kusini akiitwa "boy", yaani mtoto, kwa dharau na mawakili wa upande wa pili pekee anayeweza kuelewa uzito wa ombi lile. Miaka yote alisimama dhidi ya majimbo, na mara nyingi alilazimika kuiomba serikali kuu imuunge mkono. Sasa serikali kuu ilikuwa ikimwomba awe mdomo wake.

Aliapishwa Agosti 1965.

Je, alilazimika kutetea mambo asiyoyaamini?

Ndiyo, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Kwanza yale yaliyomfurahisha. Mwanzoni mwa 1966 aliiunga mkono kwa niaba ya serikali kesi ya Harper, ya wapiga kura wa Virginia waliotozwa kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa mwaka ili waweze kupiga kura. Sisi ambao babu zetu walikimbilia porini kuikwepa kodi ya kichwa hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mahakama iliifuta. Siku nne baadaye ikatolewa hukumu ya kesi ya Price. Vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa Mississippi Juni 1964, na msaidizi wa mkuu wa polisi wa eneo lile alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Jaji wa mahakama ya chini alikuwa ametupa sehemu kubwa ya mashtaka. Marshall alisimama kuyarudisha, na majaji wote walimkubalia. Mwaka uliofuata washtakiwa saba walitiwa hatiani.

Kisha lile gumu. Katika miezi hiyohiyo ilisikilizwa kesi ya Miranda pamoja na nyingine zilizofanana nayo, juu ya haki ya mtuhumiwa kuonywa na kupata wakili kabla ya kuhojiwa. Moja, ya Westover, ilikuwa ya shirikisho, na upande wa serikali ulikuwa wa Marshall. Yule aliyemtetea Lyons wa Oklahoma akasimama kuitetea FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, na kupinga kwamba serikali ilazimike kumpa kila mtuhumiwa wakili wakati wa mahojiano. Akashindwa, tarehe 13 Juni 1966.

Je, alijisaliti? Wanafunzi wengine husema hivyo bila kusita. Mimi sikubali. Alikuwa amekula kiapo kumwakilisha mteja, na mahakama haiwezi kuamua vizuri kama upande mmoja umenyamaza. Wakili anayetetea tu anachokipenda ni mwanaharakati, na uanaharakati ni kazi ya heshima, ila si hiyo.

Lakini utiifu wake ulikuwa na mpaka. Mwaka huohuo serikali ilikuwa imeshinda kesi ya kodi dhidi ya mtu aitwaye Fred Black. Ilipogundulika kwamba FBI ilikuwa imetega kinasa sauti katika chumba chake cha hoteli na kusikia mazungumzo yake na wakili wake, Marshall aliiandikia Mahakama ya Juu na kuieleza. Hakuna aliyejua kwa upande wa pili. Angeweza kukaa kimya. Hukumu ilifutwa na kesi ikaamriwa isikilizwe upya. Nikitaka kuwaonyesha wanafunzi maana ya kuwa wakili wa serikali, barua ile inatosha.

Kwa jumla alishinda kesi 14 kati ya 19 katika wadhifa huo.

Seneti ilimpokeaje mwaka 1967?

Jaji Tom Clark alistaafu kwa sababu mwanawe, Ramsey, alikuwa amefanywa Mwanasheria Mkuu, na baba asingeweza kuamua kesi za wizara ya mwanawe. Tarehe 13 Juni 1967 Johnson alimtangaza Marshall. Katika kamati, seneta Strom Thurmond wa South Carolina alimrushia maswali zaidi ya 60 kuhusu vipengele vya mbali vya historia ya marekebisho ya Katiba ya karne ya 19, maswali ambayo wasomi wenyewe wangeyatafutia vitabu. Ilikuwa mitego ya kumdhalilisha. Marshall alijibu kwa utulivu, pengine akisema tu kwamba hajui. Tarehe 30 Agosti alithibitishwa kwa kura 69 dhidi ya 11.

Aliyemwapisha ni Jaji Hugo Black wa Alabama, ambaye ujanani aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. Na ni Black huyohuyo aliyeandika, mwaka 1940, hukumu ya Chambers dhidi ya Florida iliyowaokoa Weusi walioshurutishwa kukiri, kesi ambayo Marshall alisaidia kuiandaa.

Kwa nini mwanzoni alijiondoa kwenye kesi nyingi?

Kwa kuwa ofisi yake ndiyo iliyokuwa imezishughulikia. Hauwezi kuwa refa wa mechi uliyoicheza. Ni gharama ya kawaida kwa kila anayetoka uwakili wa serikali kwenda ujaji.

Kazi ya serikali ilionekana katika hukumu zake?

Nionavyo mimi, ilimwonyesha dola kutoka ndani. Mwaka 1984, Mahakama ilipopunguza makali ya Miranda katika kesi ya Quarles, aliyeandika hukumu ya kupinga alikuwa Marshall, wakili yuleyule aliyekuwa upande wa pili mwaka 1966. Kiti kilikuwa kimebadilika, na sasa alikuwa huru kusema alichokiona Oklahoma.

Alipinga hukumu ya kifo katika kila kesi, tangu maoni yake katika kesi ya Furman mwaka 1972. Kati ya majaji wale tisa, yeye ndiye aliyewahi kukaa na wateja waliokuwa wakingoja kuuawa. Mwaka 1973, walio wengi waliposema kwamba Texas haivunji Katiba kwa kuacha shule za wilaya maskini zipate fedha kidogo, aliandika hukumu ndefu ya kupinga ambayo bado naiona bora kuliko ya wengi. Miaka ya mwisho alikuwa akiandika kupinga zaidi kuliko kuamua. Mahakama ilikuwa imehamia upande mwingine, naye alibaki alipokuwa.

Nani alichukua kiti chake?

Clarence Thomas, ambaye naye alianza kazi kama wakili wa serikali katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Missouri. Mitazamo yao ni mbali kama mashariki na magharibi.

Kuna wengine waliotoka ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali wakawa majaji wa Mahakama ya Juu?

Wapo. William Howard Taft alipita pale, akawa jaji wa rufani, akawa rais, kisha Jaji Mkuu. Stanley Reed na Robert Jackson walifuata miaka ya 1930 na 1940. Na Elena Kagan, aliyekuwa msaidizi wa kisheria wa Marshall mwishoni mwa miaka ya 1980, akawa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo 2009, kisha jaji mwaka 2010. Katika usaili wake baadhi ya maseneta walimlaumu kwa kumheshimu Marshall mno.

Nikienda Marekani, nitaona wapi kumbukumbu zake?

New York, jengo la mahakama la Foley Square alikofanya kazi kama jaji wa rufani lina jina lake. Baltimore, uwanja wa ndege una jina lake tangu 2005. Ila mimi ningekwenda kwanza Annapolis, makao makuu ya Maryland. Mbele ya jengo la bunge la jimbo kuna sanamu ya Marshall akiwa kijana, na karibu yake kuna mabenchi. Juu ya moja wapo ameketi Donald Gaines Murray, mwanafunzi aliyefunguliwa mlango wa kitivo kile mwaka 1935, na pembeni yake pamebaki nafasi ya mtu kukaa.